Wimbo Kichwani mwa Mashine

Mara ya tatu ndiyo waliyoiweza. Mara ya kwanza Brigitte alilia kwenye ubeti wa pili. Mara ya pili akalia mapema zaidi, kabla hata hajafungua kinywa, na kwaya nzima ikabidi itoke nje kwenye manyunyu kumsubiri anyamaze, kama mtoto anayeota meno. Lakini mara hii ya tatu sauti ilimtoka kifuani ikiwa nzima, ikapanda, na mdogo wake Valère akaipokea kwa chini vile mama yao alivyomfundisha, na wanaume wa besi wakaingia kwa pamoja kama wanaovuta wavu mmoja. Brigitte alisikia nywele zikimsimama. Alitaka kucheka katikati ya wimbo. Mchuuzi wa samaki kama yeye akiinua mfuko hujua bila mizani kama umejaa, na yeye alijua kwamba huu sasa umejaa.

Walikuwa wamejibana katika chumba cha Given, nyuma ya duka la nyavu na ndoana, karibu na bandari ya Nchelenge, ukingoni mwa ziwa Mweru. Given ndiye aliyekuwa akichaji simu za watu wa pale, akiwajazia nyimbo kwenye flashi, na kurekodi kwaya za Jumapili kwa kompyuta moja kuukuu aliyoipenda kuliko ilivyostahili. Kuta alikuwa amezifunika mablanketi ili sauti isirudi. Simu zote alikuwa amezikusanya, akazizima, akazipeleka kwenye beseni dukani, kwa madai kwamba zinaingiza mngurumo kwenye maikrofoni. Kwa jambo hilo Given alikuwa mkali kuliko mchungaji kwa habari ya zaka, na hakuna aliyethubutu kuficha simu kwenye kitenge.

Kupata besi zote zile siku ya kazi ilikuwa bahati ya msimu. Ziwa lilikuwa limefungwa ili samaki wazae, mitumbwi imelala kifudifudi ufukweni, na wanaume ambao siku nyingine wangekuwa kwenye kambi za uvuvi kisiwani Chisenga walikuwa wakizagaa nyumbani na kuwachosha wake zao. Kasonde, mume wa Brigitte, ndiye aliyewaswaga mpaka pale. Yeye ni Mbemba wa Nchelenge kabisa, Kiswahili alijifunzia sokoni, na wimbo wenyewe aliuimba bila kuelewa nusu ya maneno, lakini alikuwa na sauti ya kutikisa masufuria.

Wimbo ulikuwa wa marehemu mama yao Brigitte na Valère. Yule mama alikuwa na mambo yake. Alipowafundisha wanawe, alimpa kila mmoja sauti yake na maneno yake, na akamkataza kuimba ya mwenzake. Mwanzo wa mstari ni wa Brigitte, mwisho wake ni wa Valère. Alisema kwamba ndugu wakiwa na wimbo wa namna hiyo hawatagombana wakapotezana, kwa maana kila atakapotaka kuimba itamlazimu amtafute mwenzake. Na kweli hawakupotezana. Walivuka Mweru katika mtumbwi mmoja mwaka ule watu walipokimbia kutoka ng'ambo ya Kongo, wakalala chini ya turubai moja pale kambi ya wakimbizi ya Kenani, na hata Brigitte alipoolewa mjini na Valère akabaki makambini na mkewe Arlène, haikupita Jumapili mbili bila mmoja kumfuata mwenziwe.

Sasa Valère alikuwa anaondoka kwenda Kanada, yeye na Arlène na watoto. Kibali kilikuwa kimetoka baada ya miaka ya kuitwa na kuulizwa maswali yale yale. Gari la kuwachukua mpaka Mansa, na kutoka hapo Lusaka, na kutoka Lusaka huko kwenye theluji, lilikuwa limepangwa kumpitia pale pale kwa Given mchana ule. Kanada si Kenani, mtu hamfuati ndugu huko Jumapili. Wimbo ungekatika katikati, nusu ingeishi huku na nusu kule, na watoto wa Valère wangekua wakisikia miisho ya mistari ya bibi yao bila mianzo. Brigitte alikuwa amelifikiria hilo mpaka likamkosesha usingizi. Ndipo akamwambia Given atafute namna, na Valère akaleta flashi yake, nyekundu, ya zamani, yenye kitaa kidogo cha bluu kwenye kitako. Given alisema wimbo utaingia moja kwa moja humo, kwa sababu ndani ya kompyuta hakukuwa na nafasi hata ya kupenyeza sindano. Valère angeubeba, na akifika Lusaka angemrushia dada yake kwa simu.

Kwa hiyo sauti ya mwisho ilipofifia na Given akainua kidole gumba, chumba kililipuka. Wanawake walipiga vigelegele. Valère alimwinua dada yake juu, yeye na unene wake wote. Kasonde aliruka kama kijana, na aliposhuka, kiuno chake kikaisukuma meza.

Kioo cha kompyuta kikawa cheusi.

Given hakushtuka sana, mwanzoni. Waya wa kioo kile ulikuwa mbovu tangu mwaka uliopita, na kwa kawaida alikipiga kofi la upande kikarudi. Akakipiga kofi. Akakifunga, akakifungua. Kikabaki cheusi kama chungu cha mpishi wa harusi. Nje, honi ya gari ililia, ndefu, ya mtu asiyependa kungojeshwa.

“Haizuru,” alisema Valère, akicheka bado. “Wimbo njo iko mu flashi. Kioo utatengeneza kesho.” Akanyoosha mkono kuichomoa.

Hapo Given alimdaka mkono. Alimdaka kwa nguvu, kijana mpole yule ambaye hata wateja wakorofi huwaita mukwai, kwa heshima.

“Awe, ba Valère, usiiguse,” alisema, akikataa kwa Kibemba chake. “Wimbo haiyafika mule. Iko bado mu kichwa ya mashini.”

Brigitte alihisi furaha ikimshuka miguuni. Aliuliza ina maana gani haijafika, na wameimba, na yeye mwenyewe Given ameinua kidole. Given alikuwa ameinama akitazama kitaa cha bluu cha flashi, na kitaa kilikuwa kimya, hakikonyezi hata kidogo. Ndipo akasema, polepole, kama mtu anayeungama, kwamba sasa anakumbuka hakikukonyeza wakati wote wa kuimba.

Wapo watu ambao wakiharibu kitu huanza kwa kueleza jinsi kilivyotengenezwa, na Given ni mmoja wao. Alisema mashine haiandiki kitu papo hapo mtu anapoipa. Flashi ni nzito kwa mwendo, hasa kongwe kama hii, na mashine ina haraka. Basi ule mfumo unaoiendesha hupokea kila kitu kwanza kichwani, kwenye kumbukumbu ile ya haraka, kisha humwambia mtu kwamba tayari, na baadaye, ukipata nafasi, ndipo unapoenda kumwaga mzigo kwenye flashi. Kwa kawaida haikawii, muda wa kufumba na kufumbua, mtu hana habari. Lakini miezi hii ya mgao wa umeme yeye alikuwa ameubadilisha mpango. Aliiamuru mashine ikusanye mizigo mingi na kuimwaga mara moja moja tu, kwa vipindi virefu, ili ile diski ya ndani inayozunguka ipate kulala na isile betri. Alidhani amri ile inaihusu diski peke yake. Kumbe inahusu kila kilichochomekwa, na flashi ikiwemo.

“Ni kama bapagazi ba bandari,” alisema, akitafuta maneno ya kumfaa mchuuzi. “Unamubebesha mufuko, anakuambia imefika. Kumbe iko bado mu bega yake.”

Brigitte alielewa vizuri kuliko alivyotaka. Wapagazi wa Nchelenge anawajua. Mtu hajatoka hata majini, mfuko wa dagaa wa chisense unamchuruzikia mgongoni, naye keshapaza sauti kwamba imefika, ili nahodha ampe mwingine. Na wanafanya vizuri, kwa sababu kila mmoja angesubiri kutamka mpaka afike ghalani, mtumbwi ungekaa ukingoni mpaka samaki waoze. Taabu inakuja siku mpagazi akianguka njiani. Mfuko umeshahesabiwa kwamba umefika, na hauko ghalani wala hauko mtumbwini.

“Na huyu mupagazi yako akianguka?” aliuliza.

Given alisema umeme ukikatika kabla mashine haijamwaga, kilicho kichwani kinapotea, hakibaki hata harufu yake. Betri ya kompyuta yenyewe ilikufa zamani. Inaishi kwa sola iliyo juu ya bati, kupitia betri kubwa iliyo chini ya meza, na mvua ilikuwa imefunika jua siku nyingi mfululizo.

Kama iliyosubiri kutajwa, inveta iliyokuwa kando ya betri ile ikaanza kulia. Ti, ti, ti, mlio mwembamba wa kuudhi, na kila aliyekuwa chumbani aliujua, kwa maana ndio mlio unaozima televisheni katikati ya mpira. Nje honi ililia tena.

Kasonde, ambaye alishajua kwamba kiuno chake ndicho kilichoanzisha yote, alisema kwa unyonge kwamba maji yakimwagika hayazoleki, basi waimbe upya haraka kwenye simu. Mtu akamjibu kwamba simu zimezimwa na ziko kwenye beseni. Brigitte hakuwasikiliza. Alimtazama Valère, akaona macho ya mdogo wake yameshaanza kulowa. Wakianza upya wangelia kuanzia neno la kwanza. Ile mara ya tatu waliyoivuka wakiwa wakavu haikuwa na ndugu.

“Yaya, niache niende,” Valère alimwambia dada yake. “Mungu hakupenda.”

Brigitte alimwambia asimsingizie Mungu kwa makosa ya Kasonde. Kisha akatoka mbio.

Watu humwimbia mchuuzi wa samaki methali ile ya haraka isiyo na baraka, na mchuuzi huwacheka, kwa sababu samaki hangoji methali. Brigitte alikuwa na miaka ya kukimbilia mitumbwi, na alikimbia hivyo sasa, kitenge mkononi, akaruka mfereji na kuufikia mlango wa dereva kabla honi haijalia mara nyingine. Dereva alikuwa mtu wa Mansa aitwaye Lackson, mwenye kofia ya sufu na uso wa mtu aliyekwisha kuchoka na mchana bado mchanga. Nyuma yake Arlène alikuwa amekaa katikati ya mabegi, watoto wamevalishwa masweta mazito tayari kwa baridi ya Kanada, wakitokwa jasho. Lackson alisema hana dakika ya kupoteza, barabara ina mashimo na yeye hapendi kuyakutia gizani. Brigitte hakumbembeleza. Alimuuliza kama gari lake lina zile waya nene za kuamshia gari lililokufa betri.

Lackson alisema dereva gani wa barabara hii asiyekuwa nazo, huku amekereka kidogo kwa kuulizwa.

“Basi sogeza gari mpaka ku mulango,” alisema Brigitte. “Ndani mule mama yangu anataka kufa mara ya pili.”

Mwenyewe hakujua maneno hayo yalikotoka. Arlène aliyasikia, akaweka mkono juu ya bega la dereva, akasema neno moja tu, tafadhali. Lackson alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, akashika gia. Gari lilipita juu ya mfereji likiyumba, likasukuma pua yake mpaka karibu iingie chumbani, likakanyaga na ubao wa bei wa Given. Kilichofuata kilimshangaza kila mtu. Yule mtu wa kukereka alishuka akiwa mwingine kabisa. Alifungua boneti, akatupa kofia yake ndani ya gari, akaingia na waya shingoni akiuliza kwa sauti betri iko wapi, chanya ni ipi, nani amesimama kwenye njia yake. Yapo mambo mawili dereva hawezi kuyaona akayapita, gari lililokwama na betri inayokufa.

Milio ya inveta ilikuwa imeshaungana, ikawa mlio mmoja mrefu. Lackson alipiga magoti chini ya meza, akabana waya wa kwanza. Kasonde alishika wa pili nje kwenye gari. Cheche ziliruka, mwanamke mmoja wa sauti ya kwanza akamtaja Yesu, na mlio ukakatika.

Given alikuwa ameegemeza sikio kwenye kompyuta. Feni ilikuwa bado inazunguka ndani yake.

“Iko,” alisema.

Injini ya gari ilinguruma mlangoni, moshi ukaingia chumbani, na Brigitte aliona ni moshi mzuri kuliko ubani. Alikuwa na hofu, ndiyo, lakini ilikuwa hofu ya mtu ambaye wavu wake umenasa kitu kizito na bado hakijatoka majini, na hofu ya namna hiyo ni tamu, mvuvi yeyote atakwambia.

Sasa kazi ilibaki kwa Given. Alieleza haraka haraka, bila kumtazama mtu, kwamba mashine ni nzima, isipokuwa haiwezi kuonyesha kitu. Ni kama mtu aliyefunikwa uso, anasikia. Ataiandikia amri gizani, herufi kwa herufi, na akikosea hata moja hatajua amekosea wapi. Kwanza ataisimamisha irekodi, kwa maana ilikuwa bado inarekodi makelele yao yote, honi na Yesu na kila kitu. Kisha ataiandikia neno lake la herufi nne, ambalo kwa mashine lina maana moja tu, kwamba vyote ulivyobeba begani viteremshe ghalani sasa hivi, usingoje wakati wako.

Ili kuhakikisha kwamba mashine inasikia, alibonyeza kitufe cha herufi kubwa. Kitaa cha kijani kiliwaka pembeni mwa vitufe. Watu walinong'ona kwa furaha. Inasikia, inasikia. Given alijipangusa viganja kwenye suruali, akabonyeza vitufe viwili kwa pamoja kusimamisha kurekodi, akaandika neno lake, akagonga kitufe kikubwa cha kumalizia.

Wote waliinamia flashi. Kitaa cha bluu kilikaa vile vile, kimya.

Akaandika tena. Kimya. Mara hii vidole vilikwenda kwa hasira na Brigitte aliona jasho likimdondoka Given puani juu ya vitufe. Valère alikuwa ameshika mdomo. Lackson, ambaye haikumhusu, alikuwa ameinama kuliko wote, na aliuliza kwa nini haiwaki, kama vile flashi ni ya kwake. Given alisema hajui. Alisema labda programu imekwama, labda neno halifiki mahali pake.

Brigitte hakujua kitu kuhusu mashine. Lakini kazi ya maisha yake ilikuwa kutazama mikono ya watu, mizani inavyowekwa, kidole kinavyobaki kwenye kitu kilichopaswa kuachwa. Alikuwa ameutazama mkono wa Given tangu mwanzo, na jicho lake lilibaki kwenye kile kitaa cha kijani.

“Ba Given,” alisema, “ile taa ya kijani, uliiacha ikiwaka kwa kupenda?”

Given alitazama. Kisha akacheka, kicheko cha mtu aliyeona miwani yake juu ya paji la uso wake mwenyewe. Aliwasha herufi kubwa ili kujaribu, akasahau kuzizima, na neno lake alikuwa akiliandika lote kwa herufi kubwa. Kwa mashine, alisema, hilo ni neno jingine kabisa, ni sawa na kumwita mtu kwa jina la jirani. Alibonyeza kitufe, kijani kikazimika. Akaandika neno lake mara ya mwisho, polepole, kila herufi akiitamka kwa pumzi. Akagonga.

Kitaa cha bluu kikakonyeza.

Kikakonyeza tena, kisha kikaanza kupepesa mfululizo, haraka, kama kitu kilichokuwa kikingoja ruhusa. Chumba kilirudi kulipuka. Kasonde alitaka kuruka na watu wakamkamata mabega. Brigitte alimshika Given kichwa kwa mikono miwili akambusu utosini, mbele ya mumewe na wanakwaya wote, na hata leo hajutii. Wimbo ulikuwa unashuka. Sauti yake na ya mdogo wake, mianzo na miisho, vilikuwa vinashuka kutoka begani mwa mpagazi kuingia ghalani, mfuko kwa mfuko, na yeye alikuwa akiviona kwa macho vikishuka.

Valère aliuliza kama sasa anaweza kuchomoa. Given alimwambia bado, na hata kitaa kikisimama wampe muda kidogo, kwa sababu flashi nayo ina kibaraza chake, hupokea mzigo hapo kwanza ndipo huupanga ndani. Mtu akichomoa kinapopepesa, atafika Kanada na nusu ya wimbo, au na jina lake tu. Flashi hii ni ya kizamani, itachukua muda. Na gari lisizimwe, wala waya zisiguswe.

Kwa hiyo wakangoja. Injini ilinguruma. Arlène alishuka na watoto, wakaingia, wakakaa mapajani mwa shangazi yao kwa masweta yao, mmoja huku na mmoja huku, wakitazama kitaa. Mwanamke mmoja alileta mihogo ya kuchemsha kutoka nyumba ya pili. Lackson alikula vipande viwili na kusimulia habari za betri moja aliyowahi kuifufua karibu na daraja, na hakutaja barabara wala giza. Valère alikaa chini sakafuni, akaegemea mguu wa dada yake kama alivyokuwa akifanya kwao walipokuwa wadogo, na akamuuliza kama anakumbuka siku mama alipomchapa yeye, Valère, kwa kuimba mstari usio wake. Brigitte alisema anakumbuka, na kwamba alistahili. Wakacheka. Hawakuwa wameketi hivyo tangu barua ya safari ilipokuja. Kila walipokutana palikuwa na mabegi ya kufunga au mtu wa kuaga.

Ni hapo Brigitte alipotambua jambo lililomshitua. Alikuwa amekimbia, amelia, amemwita dereva na kumtaja marehemu, yote ili kitaa kile kimalize kazi yake. Na sasa alipokitazama kinapepesa, alijikuta anakiombea kisimalize. Gari lilikuwa limefungwa kwenye meza kwa waya. Mradi kitaa kinapepesa, hakuna awezaye kuondoka, si Valère, si watoto, si Lackson na barabara yake. Alitamani wimbo ungekuwa mrefu mara kumi. Alitamani mama yao angewaachia nyimbo za kujaza flashi mia.

Kitaa kilipunguza mwendo. Kikapepesa kwa kusitasita, kikapumzika, kikapepesa mara moja zaidi. Kisha kikatulia.

Given alisubiri kama alivyosema, ameinua mkono ili mtu asisogee. Akasikiliza mashine. Uso wake ulifunguka wote kwa furaha, na ilikuwa haki yake.

“Imefika,” alisema. “Kweli kweli, sasa imefika. Iko mule yote.”

Lackson alijipangusa mikono, akainama kufungua waya wa kwanza. Valère alianza kuinuka kutoka sakafuni. Given alipeleka vidole vyake kwenye flashi.

“Ngoya,” alisema Brigitte. Mkono wake ulikuwa juu ya bega la mdogo wake, umelibana. “Ngoya kidogo, ba Given. Pengine itawaka tena.”

Given alimtazama. Alijua fika kwamba haitawaka, na Brigitte aliona kwamba anajua. Alirudisha mkono wake, akavuta kiti, akaketi.

“Ee mukwai,” alisema. “Tungoye.”